Kumbukumbu ya mradi: shangazi na picha za vikapu vyake

Shangazi yangu wa Bombo, hapa Uganda, husuka vikapu na vifuniko vya chakula vya Kinubi, yaani vya jamii ya Wanubi, nyekundu, kijani na zambarau zikizunguka kutoka katikati hadi ukingoni. Kwenye tovuti ndogo niliyomtengenezea, picha zimekuwa zikisubiri mpaka mimi nipate nafasi. Sasa nataka aziweke mwenyewe.

Tumeanza na mwanga. Jua la saa saba huiunguza rangi nyekundu hadi ususi hauonekani, kwa hiyo tumehamia barazani, kivulini, kikapu juu ya shuka jeupe. Sasa kila mzunguko wa uzi unahesabika.

Halafu uzito. Simu yake hupiga picha ya pikseli (nukta ndogo za rangi) 4000 kwa 3000, yaani milioni 12, na faili moja hufika megabaiti kadhaa. Kwenye ukurasa, 1200 kwa 900 zinatosha kabisa, na hizo ni kama sehemu moja ya kumi na moja ya zile za mwanzo. Hili nalisisitiza sana. Tangu Julai 2021 data ya intaneti hapa Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya ile kodi ya mitandao ya kijamii ya mwaka 2018, shilingi 200 kwa siku. Mteja wa Arua au Mbale akifungua ukurasa wenye picha nzito, bando lake ndilo linaloliwa, na wengi huondoka kabla kikapu cha kwanza hakijatokea. Basi kila picha inapunguzwa kwenye simu, inahifadhiwa kama JPEG, aina ya faili ya picha, ndipo inapandishwa. Faili tunaipa jina la herufi ndogo tupu, na kistari mahali pa nafasi, kwa sababu seva nyingi, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti, huhesabu Kikapu na kikapu kuwa majina mawili.

Tulipokaa sana ni kwenye kuiingiza picha katika maandishi. Tovuti inatumia Markdown, namna ya kupanga ukurasa kwa alama chache ndani ya maandishi ya kawaida, na mstari wenyewe huandikwa hivi:

![Kikapu chekundu chenye kifuniko](/picha/kikapu-chekundu.jpg)

Shangazi aliandika, akabonyeza, yakatokea maneno ya bluu. "Mwanangu, kikapu changu kiko wapi?" Alama ya mshangao ya mwanzo haikuwepo, na bila hiyo mstari huwa kiungo cha kubonyeza tu. Mara nyingine aliacha nafasi kati ya mabano ya mraba na yale ya mviringo, picha ikagoma.

Kilichomfungulia njia ni kuelewa kwamba picha haimo ndani ya maandishi. Imekaa kwenye folda yake, na maandishi yanabeba anwani tu. Ukiihamisha au ukiifuta, maandishi yanabaki yakibisha hodi kwenye nyumba tupu. Tangu hapo, picha isipotokea, anakagua anwani herufi kwa herufi kabla ya kunipigia simu.

Maneno yaliyo ndani ya mabano ya mraba wengi huyaacha wazi, na mimi sikubaliani nao hata kidogo. Asiyeona husomewa maneno hayo na simu yake, na mtandao ukiwa dhaifu ndiyo yanayoonekana mahali pa picha. Shangazi ana kipaji nayo: "Kifuniko cha sinia, nyota ya kijani katikati, ukingo wa zambarau na nyeupe." Aliyekisuka ndiye anayejua cha kutaja.

Tumezima pia huduma ya mahali kwenye kamera. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake vipimo vya ramani vya pale ilipopigwa, na hizi anazipigia nyumbani kwake.

Kinachofuata ni picha za ubavuni na za ndani. Mnunuzi mmoja ameuliza kina cha kikapu, na zote tulizonazo zimepigwa kutoka juu. Shangazi ameshaamua: kila kikapu kitawekewa kikombe cha chai kando yake, ili ukubwa uonekane bila kuuliza.