Nabothi Asiyeulizwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni 1 Wafalme 21, mstari wa 1 hadi wa 19. Naomba ulisome lote kwanza, halafu urudi hapa tuendelee.

Tukisoma habari za Nabothi huwa tunakimbilia kwa Yezebeli: barua zile, mhuri wa mfalme, mashahidi wa uongo, mawe. Mimi siku tatu hizi nimekwama mstari wa 2. Ahabu anamwendea Nabothi mwenyewe na kumweleza anachotaka na sababu yake. Shamba lako liko karibu na nyumba yangu, nataka nilifanye bustani ya mboga. Anamwahidi shamba jingine zuri kuliko hilo, au fedha taslimu, achague. Nabothi anakataa, kwa kuwa shamba ni urithi wa baba zake. Mfalme anarudi nyumbani amenuna, anajilaza kitandani, anageuza uso, chakula hagusi.

Yule aliyekuwa mfalme mwovu kuliko wote waliomtangulia katika Israeli, angalau aliuliza. Akajibiwa "hapana", na hapana ile ikamlaza kitandani, maana alijua ina uzito. Torati ilisema nchi ni ya Mungu, wala haiuzwi moja kwa moja. Mkulima wa Yezreeli aliweza kumkatalia mfalme, na mfalme akabaki hana la kusema mpaka mkewe alipoingia chumbani.

Nimelitafakari hilo kwa ajili ya kijiji kimoja ambacho watu wake waliondolewa bila kuulizwa, mbali sana na sisi, kaskazini-magharibi mwa Greenland, kisiwa kilichokuwa koloni la Denmark, ambako jua likizama Oktoba halionekani tena hadi Februari. Kijiji kiliitwa Uummannaq. Jina hilo lina maana ya kitu chenye umbo la moyo, na lilitokana na mlima uliosimama juu ya nyumba zao, ukingoni kabisa mwa bahari. Wenyeji wake ni Wainughuit, tawi dogo la Wainuit. Waliishi kwa kuwinda mnyama wa baharini aitwaye sili, mbweha, nyangumi mwenye pembe moja, na walrasi, yule mnyama mkubwa wa baharini mwenye meno mawili marefu kama ya ndovu. Kiangazi walipanda kwenye miteremko ya mawe na nyavu zenye mipini mirefu, wakidaka ndege wadogo wa baharini wanaopita makundi kwa makundi. Ndege hao waliwashindilia kwa mamia ndani ya ngozi ya sili, wakaishona, wakaipaka mafuta na kuifukia chini ya mawe miezi kadhaa, kiwe chakula cha siku za giza.

Tena walikuwa waamini. Mwaka 1909 misheni ilifika kwao, na aliyewahubiria Injili hakuwa mzungu. Alikuwa Gustav Olsen, mwana wa Greenland. Walibatizwa katika kanisa la Kilutheri, kama wengi wetu tunaosoma tafakari hii. Nalitaja hili kwa uchungu, kwa sababu serikali iliyowaondoa ilikuwa ya Denmark, nchi ambayo kanisa lake la taifa ni la Kilutheri pia. Waliohamisha na waliohamishwa walisali Baba Yetu ile ile Jumapili ile ile.

Kando ya kijiji palikuwa na uwanda mpana unaoitwa Pituffik, yaani mahali pa kufungia mbwa. Tarehe 27 Aprili 1951 Denmark na Marekani zilitia saini mkataba wa ulinzi wa Greenland. Vita baridi ilikuwa imepamba moto, na njia fupi ya ndege kati ya Marekani na Umoja wa Kisovieti ilipita huko juu, karibu na ncha ya dunia. Kiangazi hicho hicho zikaingia meli kama 120, watu 12,000 na mizigo ya tani 300,000, ili kujenga kambi ya jeshi la Marekani. Jaribu kuiona kwa macho ya mwindaji. Kijijini kwako mnajuana wote kwa majina hadi majina ya mbwa, na asubuhi moja ghuba imejaa meli kuliko idadi ya watu uliowahi kuwaona maishani. Baada ya miezi michache pana kiwanja cha ndege, zinatua na kuruka usiku na mchana. Wanyama wa baharini ni waoga wa kelele, na wanyama wakikimbia, mwindaji anabaki na mkuki mkononi.

Mwaka 1953 jeshi hilo likataka nafasi zaidi, ya kuweka mizinga ya kutungua ndege karibu na kijiji. Mwishoni mwa Mei wenyeji wakaambiwa wahame. Walipewa siku chache tu. Watu 116, wazee na watoto wachanga wakiwemo, wakafunga walichoweza juu ya sleji, vile vyombo vya kuteleza barafuni vinavyokokotwa na mbwa, wakawafunga mbwa, wakaondoka juu ya barafu ya bahari iliyokuwa inakaribia kuvunjika. Nyuma yao zilibaki nyumba, shule, hospitali, kanisa na makaburi. Walikwenda kaskazini zaidi ya kilomita 100, hadi mahali paitwapo Qaanaaq. Nyumba walizoahidiwa hazikuwepo. Kiangazi kizima, kwenye mvua na baridi, waliishi katika mahema, na nyumba zikawa tayari Septemba, majira ya baridi yakiwa mlangoni.

Nyumba zilikuwa za mbao, mpya, na mtu wa mbali angesema ni nzuri kuliko zile za udongo na mawe walizozoea. Hapo ndipo ninapomsikia Ahabu: nitakupa shamba lililo jema kuliko hili. Tofauti ni kwamba hapa hapakuwa na mstari wa 3. Nabothi hakupewa nafasi ya kujibu. Na kwa miaka mingi baadaye serikali ilishikilia kwamba wale watu walihama kwa hiari yao.

Iko tarehe moja nisiyoweza kuiruka. Tarehe 5 Juni 1953 katiba mpya ya Denmark ilianza kutumika, na Greenland ikaacha kuwa koloni, watu wake wakawa raia wenye haki sawa na watu wa Copenhagen. Wainughuit walikuwa wameondolewa siku chache tu kabla yake. Sisemi zaidi ya hapo. Ziweke tarehe hizo mbili mbele za Bwana katika maombi yako, uzitazame.

Marehemu bibi yangu alihamishwa mara moja maishani, mimi sijazaliwa. Alipewa kiwanja, akajenga, akalea wajukuu, akaishi vizuri tu. Lakini kila alipotaka kusiriba nyumba alitutuma udongo kule kwao kwa zamani, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na ndoo kichwani wakati wa kurudi. Udongo ulikuwepo hatua hamsini kutoka mlangoni. Tulinung'unika sana. Siku moja akachukua bonge la udongo wa karibu, akalilowanisha, akalipaka ukutani kwa kiganja na kusema, "Subirini." Jua la mchana lilipolipiga, likapasuka kama nyayo za mzee. Akasema, "Huu siujui. Ule wa kwetu najua unataka maji kiasi gani." Nadhani hicho ndicho kilichobaki Uummannaq, ambacho hakuna hema wala nyumba ya mbao iliyoweza kukirudisha. Mwindaji hana hati ya shamba. Anajua barafu ipi inabeba sleji mwezi huu, mkondo upi unaitoboa kwa chini, walrasi wanapumzika wapi upepo ukigeuka. Ujuzi huo ni urithi wa baba zake, kizazi kwa kizazi, nao hauvuki kilomita 100.

Tarehe 21 Januari 1968 ndege ya kivita ya Marekani aina ya B-52, ikiwa na mabomu manne ya haidrojeni, ilianguka kwenye barafu ya ghuba, kilomita chache kutoka kambini. Ilikuwa katikati ya miezi ya giza. Mabomu hayakulipuka kinyuklia, ila yalivunjika na kutawanya sumu ya mionzi juu ya barafu. Wanajeshi sita kati ya saba waliokuwa ndani waliokoka. Na katika kuwatafuta gizani, kwenye baridi ile, wenyeji walitoka na sleji zao za mbwa, maana juu ya barafu ile mbwa wanapita pasipopita gari. Ukilisoma neno la Mtume Paulo katika Warumi 12, kwamba adui yako akiwa na njaa mlishe, wakumbuke watu hao na mbwa wao.

Waliohamishwa hawakunyamaza. Waliunda umoja wakauita Hingitaq 53, yaani waliofukuzwa wa mwaka 53, na mwaka 1996 wakaishtaki serikali. Tarehe 20 Agosti 1999 mahakama ikatamka kwamba kuhamishwa kwao hakukuwa halali. Jamii yote ikapewa kroni 500,000, fedha ya Denmark, kwa pamoja. Waliokuwa na umri wa miaka 18 na zaidi siku ya kuhamishwa wakapewa kroni 25,000 kila mmoja. Waliokuwa kati ya miaka 4 na 18 wakapewa 15,000. Waliokuwa chini ya miaka 4 hawakupewa kitu.

Ndugu zangu, hapo niliweka kalamu chini. Naelewa namna sheria inavyofikiri: mtoto wa miaka miwili hakumbuki, kwa hiyo hakuumia. Lakini mtoto huyo alitolewa kwake amebebwa mgongoni mwa mama yake, na amekua akiita nyumbani mahali ambapo mama yake hakupaita nyumbani. Mama alipokuwa anatazama kusini, yeye hakuwa na la kutazama. Yesu aliposema waacheni watoto wadogo waje kwangu, wanafunzi walikuwa wameshawazuia kwa kuona hawahusiki. Hakuweka kiwango cha umri.

Tarehe 2 Septemba 1999 Waziri Mkuu wa Denmark, Poul Nyrup Rasmussen, aliomba msamaha kwa maandishi, na ndani ya maandishi yale akaweka neno la Kigreenland, utoqqatserpugut, tunaomba radhi. Namheshimu kwa hilo. Si viongozi wengi wanaotubu kwa lugha ya aliyekosewa. Hata hivyo ukiyasoma maneno kwa makini, radhi iliombwa kwa namna uamuzi ulivyofanywa na kutekelezwa. Ardhi yenyewe haikurudi pamoja na radhi. Wenyewe walikata rufaa wakidai haki ya kurudi na fidia zaidi, na tarehe 28 Novemba 2003 Mahakama ya Juu ikaacha fidia palepale ilipokuwa. Iliwaambia pia kwamba hawahesabiki kuwa watu wa pekee mbali na Wagreenland wengine. Zakayo aliposhuka mtini hakuzungumzia namna alivyotoza. Alitaja kile alichochukua, na akaahidi kukirudisha mara nne.

Mwaka huo huo wa 2003, eneo la kijiji cha zamani liliondolewa ndani ya mipaka ya kambi. Mlima bado upo, na nyumba chache tupu chini yake. Kambi nayo inaendelea na kazi, na tangu Aprili 2023 Marekani wameipa jina la Pituffik. Jina la mahali pa kufungia mbwa limerudi katika karatasi za jeshi. Wafunga mbwa wako Qaanaaq.

Sasa rudi kwenye sura yetu, mstari wa 18. Nimeusoma mara nyingi bila kuuona. Mungu anapomtuma Eliya kwa Ahabu, hamwelekezi ikulu. Anamwambia atamkuta katika shamba la Nabothi, alikoshuka ili alimiliki. Neno la Bwana linatolewa pale pale, juu ya udongo unaogombewa, mizabibu ya marehemu ikiwa imemzunguka mfalme pande zote. Ahabu hawezi kusema habari hizi azisikie kesho akiwa amekaa kwenye kiti chake. Viatu vyake viko ndani ya shamba. Na swali la kwanza analoulizwa ni juu ya kuua na kumiliki, kwa pumzi moja, kana kwamba mbele za Mungu ni tendo moja.

Tutakapokutana Ijumaa jioni kwa maombi, tutawaombea Wainughuit wa Qaanaaq kwa jina hilo lao, na wale waliokuwa chini ya miaka 4 mwaka 1953, ambao sasa ni wazee. Naomba pia kila mmoja aje na jina la mahali pamoja: kilima, mto, mtaa, shamba, popote ambapo watu wake walitolewa, hata kama ni zamani sana, hata kama sasa pana barabara juu yake. Wenye wazazi walio hai wawaulize kabla ya Ijumaa. Wala msiwaulize kama walilipwa. Waulizeni paliitwaje, na palikuwa na nini. Tutayataja majina hayo mmoja mmoja, taratibu, na wengine tutakaa kimya tukisikiliza.