Saa mbili ya nani?

Jana nimelala saa nane usiku na sijutii hata kidogo, maana kuna kitu kimenisumbua kama wiki mbili hivi na hatimaye nimekielewa, ngoja nikiandike kabla hakijapoa.

Kuna dada mmoja anauza vitenge Kariakoo, biashara yake kubwa ni ya WhatsApp, na mimi namtengenezea ajenti wa AI wa kupokea oda na kupanga boda wa kupeleka mizigo. Ajenti anaendeshwa na modeli, yaani ule ubongo wa AI unaosoma meseji na kuamua cha kufanya, na anafanya kazi kwa zana tu, kila zana inaita API yake, yaani mlango ambao programu moja inaombea kazi kwa nyingine, moja inatafuta oda, nyingine inaangalia stoo, nyingine inapanga boda. Sasa Jumanne dada kanipigia, sauti imeshuka kabisa: "Mdogo wangu, mteja kasema kesho saa mbili, mfumo umeandika saa nane usiku, halafu mzigo umeelekezwa Mbezi Beach wakati yeye yuko Mbezi Luis." Na kile kitenge kilikuwa cha sare ya sendofu, fundi alikuwa anakisubiri. Iliniuma kweli.

Wazo la kwanza likawa kwamba modeli haijui Kiswahili vizuri, nibadilishe niweke kubwa zaidi. Ila kabla sijagusa kitu nikafungua maelezo niliyokuwa nimeiandikia ile zana ya kupanga boda. Maneno mawili: "Inapanga delivari." Chini yake vitu vya kujazwa: muda, maandishi. Mahali, maandishi. Basi.

Hapo ndipo nikaelewa. Modeli haioni programu yangu ilivyoandikwa ndani, haioni databesi, haijui tulichoongea mimi na dada dukani kwake. Kuhusu zana, inachopewa ni jina lake, maelezo yake na orodha ya parameta, yaani nafasi za kujaza, kwenye JSON, mtindo wa kuandika data, na kwa vitu hivyo pamoja na meseji ya mteja ndiyo inaamua iite zana gani na ijaze nini. API inataka muda kwa mtindo wa ISO 8601, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe na saa, mteja kaandika saa mbili, modeli ikajaza T02:00, yaani saa nane usiku. Mimi nilijua ni asubuhi kwa sababu nimekulia hapa, ila nilichokijua kilibaki kichwani kwangu.

Nikamkumbuka mama alivyokuwa anamtuma binamu yangu dukani alipokuwa ndio kwanza kafika kutoka kijijini. "Nenda kwa Mangi, siyo yule wa kona, yule wa mbele ya msikiti, kachukue sabuni ya unga ya mia tano, isipokuwepo usiniletee ya kipande, rudi uniambie." Mimi niliyezaliwa hapo nilikuwa naambiwa tu "kalete sabuni". Mgeni lazima aambiwe na kile asichotakiwa kuleta, na afanye nini akikosa.

Kwa hiyo nimekaa nikaandika upya: "Tumia zana hii kupanga boda baada ya mteja kukubali bei. Usiitumie kubadilisha safari iliyokwishapangwa. Muda ni wa Afrika Mashariki, +03:00. Wateja wanahesabu saa kwa Kiswahili, saa mbili asubuhi ni 08:00, saa mbili usiku ni 20:00. Asipotaja asubuhi au usiku, muulize, usikisie. Mbezi Beach na Mbezi Luis ni sehemu mbili tofauti, moja iko upande wa Barabara ya Bagamoyo, nyingine Barabara ya Morogoro."

Najua maelezo marefu yanakula tokeni, vile vipande vya maneno ambavyo modeli inahesabia na kulipisha, maana yanatumwa kila ombi linapoenda, lakini kwangu ni bei ndogo. Nilipopunguza ni kwenye idadi ya zana, nilikuwa na pata_oda na tafuta_oda, hata mimi nilikuwa nafikiria mara mbili ipi ni ipi, nikaziunganisha.

Na meseji za makosa jamani, hizi tunazidharau sana. Mteja akiandika namba ya simu inayoanza na sifuri, API ilikuwa inarudisha 400 peke yake, namba ya kusema ombi lina kosa bila kusema kosa gani, ajenti anarudia ombi lilelile mara tatu halafu anakata tamaa. Sasa inarudisha "namba ianze na +255, ifuatwe na tarakimu 9" na anajirekebisha mwenyewe kwenye jaribio la pili.

Siku hizi kila maelezo nikimaliza nampa mdogo wangu wa kike asome, yeye hajui programu kabisa, anasoma huku anakula, na pale anaponiuliza "sasa hapa kaka unamaanisha nini?" narudi kuandika tena bila kubishana naye.

Leo jioni dada kanitumia picha ya chati. Mteja kaandika "nileteeni kesho saa kumi, Mbezi". Ajenti kamjibu: "Sawa, ni saa kumi jioni? Na ni Mbezi Beach au Mbezi Luis?" Mteja: "Jioni, Luis, karibu na stendi." Boda kapangiwa 16:00.