Mdogo wangu anataka kuja Desemba, mimi namwambia Agosti

Mdogo wangu yuko Muscat, mwaka wa sita sasa. Juzi kanipigia simu: "Dada, Desemba nakuja na watoto. Utupeleke Chalbi, kule kwenye picha zako, na tupitie Samburu waone wanyama." Chalbi ni jangwa la kaskazini mwa Kenya, na Samburu ni hifadhi ya wanyama kusini yake. Nikamwambia aombe likizo ya Agosti. Akanuna. Nimeona niandike sababu zangu zote hapa, maana si yeye peke yake anayeniuliza.

Mimi ni mwalimu. Nina likizo za Aprili, Agosti na Desemba, basi. Aprili ni masika, hiyo haina mjadala. Desemba niliijaribu mwaka 2019. Vuli ya mwaka ule ilipiga kaskazini kwa nguvu, lakini siku tuliyotoka Marsabit jua lilikuwa kali, hakuna hata wingu, na njia yote ya kuteremkia Maikona ilikuwa vumbi tupu. Tukaamini kumekauka.

Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale. Mchana inang'aa kwa chumvi, tambarare hadi macho yanachoka kutafuta mwisho wake. Tuliingia, tukaenda kama robo saa. Kisha nikasikia mlio chini ya magurudumu, kama ukoko wa ugali unapobanduliwa sufuriani, na gari likazama hadi kwenye ekseli. Nilishuka nikainama kutazama. Juu palikuwa na gamba kavu, jeupe, unene wa kidole changu. Chini yake tope jeusi linanata kama gundi. Tulichimba kwa sepetu, tukatandika mikeka yetu chini ya magurudumu, ikamezwa yote. Tukalala palepale.

Asubuhi walipita wafugaji wa Kigabra na ngamia wao. Mzee mmoja hakugusa gari hata kidogo kabla hajahakikisha watoto wamepata maziwa. Alipojua nasomesha, akaniambia: "Mwalimu, hapa huulizi kama mvua imenyesha Chalbi. Unauliza kama imenyesha Huri, na kama imenyesha Marsabit." Maji huteremka kutoka kwenye vilima hivyo na kutuama huku bondeni, siku nyingi baada ya mawingu kwenda zake. Walitusukuma wanaume sita, tukageuza. Samburu nako, mto Ewaso Ng'iro ulikuwa umejaa na wanyama wametawanyika. Kila kijito kina maji, kwa nini waje mtoni? Wanangu waliona migongo ya ndovu kwa mbali, kisha vichaka.

Wengi watakwambia basi nenda mwisho wa kiangazi, maji yakiwa machache wanyama wote hukusanyika mahali pamoja. Ni kweli. Nilikwenda likizo fupi ya Septemba 2022, mwaka ule kalenda ya shule ilikuwa bado imevurugwa na korona, na asubuhi moja tu niliona ndovu, choroa, twiga wa kaskazini wenye mabaka yaliyokatwa vizuri kama vigae, na punda milia wa Grevy, wale wa masikio makubwa ya mviringo na mistari myembamba. Lakini ule ulikuwa ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, msimu baada ya msimu bila mvua ya kutosha. Ndovu walikuwa wakichimba mchanga wa mto kwa miguu wapate maji. Palikuwa na Grevy jike na mtoto wake. Jike anayenyonyesha hawezi kukaa mbali na maji zaidi ya siku moja au mbili, wakati wenzake wanaweza kuvumilia hata siku tano, kwa hiyo hana uhuru wa kufuata majani yalipo. Aliyemwona yule mama asingehitaji kuelezwa. Mbavu zake zilihesabika. Mtoto alisukuma kichwa chini ya tumbo, akanyonya kidogo, akaacha, akasukuma tena. Barabarani karibu na Archer's Post tulipita mizoga. Punda milia hawa wamebaki chini ya elfu tatu hivi porini, na karibu wote wako Kenya. Nilirudi na picha nzuri nisizoweza kumwonyesha mtu.

Tangu siku ile nimeacha kuuliza ni lini wanyama wanaonekana kwa urahisi. Nauliza ni lini jangwa limekauka na majani bado yapo. Jibu langu ni Juni, Julai na Agosti, mradi masika yawe yamenyesha. Masika ya 2024 yalinyesha sana, na Agosti tulipokwenda Grevy walikuwa na makalio ya duara na watoto wakifukuzana. Swala twiga alisimama kwa miguu ya nyuma kando ya gari letu, shingo ndani ya mgunga, akichambua majani madogo katikati ya miiba bila haraka yoyote. Huyo hata asipokunywa maji anaishi.

Chalbi mara hii tuliipasua hadi Kalacha. Ardhi ngumu kama sakafu ya saruji, mikoma imesimama kwenye chemchemi, ngamia kwa mamia wakingoja zamu. Nilimpigia simu mwenyeji wa huko kabla ya kuondoka Marsabit, nikauliza habari za Huri, kama nilivyofundishwa.

Januari na Februari pia ni kavu, na vuli ikiwa njema majani huwa yapo. Anayeweza aende. Mimi kwa watoto sithubutu, joto la bondeni alasiri miezi hiyo linachosha hata mtu mzima. Na mwezi wowote utakaokwenda, Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, kuna upepo. Si bure wamesimamisha mitambo 365 ya umeme wa upepo upande ule. Funga hema kwa mawe, si kwa vigingi peke yake.

Mdogo wangu kapiga tena jana usiku. Kapata wiki mbili, kuanzia tarehe 5 Agosti. Nimemwambia alete sweta za watoto: Marsabit iko juu mlimani, asubuhi ukungu unaingia hadi mlangoni, na mara ya mwisho tulilala na blanketi mbili mbili.