Vile Kuriboh alikula 8000 yangu

Apa kwetu Katuba, mu Lubumbashi, batu benye banacheza Yu-Gi-Oh!, ule muchezo wa karata za mamonsta, tuko bachache, ukituhesabu na vidole vya mikono vingine vinabakia, lakini kila moya anasema deki yake, zile karata zake za kuchezea, njo ya hatari. Yangu ni ya Cyber Dragon. Na minasema ukweli, niliichagua juu ya namba tu. Kila mutu anaanza na pointi 8000 za maisha, sawa? Sasa kuko monsta ya fuzio, yenye inatoka kwa kuunganisha Cyber Dragon 3, inaitwa Cyber End Dragon, vichwa tatu, nguvu 4000, na ukiitosha na karata ya uchawi yenye inaitwa Power Bond inaongezewa nguvu yake ya mwanzo mara ingine. 4000 na 4000. Pigo moya, mwenzako anarudisha karata mu karto anaenda kwao. Niliposoma ile kitu mara ya kwanza nilisimama nikatembea mu parcelle mzima peke yangu nikicheka.

Karata zenyewe zilikuya na tantini wangu wa Ubelgiji, aliweka boksi moya ya structure deck, deki yenye inauzishwa imepangwa tayari, mu valizi ya mutu wa kwetu mwenye alikuwa anarudi. Zenye zilikosa nilizitosha ku sekretaria publike ya karibu na soko, unamupatia picha na telefone anakuimprimia na rangi, unakata na makasi, unaingiza mu pochette mbele ya karata ya kawaida ya kuchezea poker. Kati yetu tulipatana: ya kuimprime inakubalika, basi maandiko yasomeke, juu kuko mwenzetu moya alikuwa anatuletea karata zenye hazisomeke halafu yeye peke yake njo anajua zinafanya nini. Kila mara zilikuwa zinafanya kitu ya muzuri kwake, ajabu.

Deki yangu ya kwanza ilikuwa na karata 58. Apana kucheka. Sheria inasema kutoka 40 mpaka 60, nami nikafikiri kama mingi inaruhusiwa basi mingi njo muzuri, ni kama sahani ya bukari. Wapi! Kila karata unaruhusiwa kuweka mara 3 tu, na unaanza na 5 mu mukono. Piga hesabu: ukiwa na Power Bond 3 mu karata 40, utaiona mu mukono wa kwanza karibu mara 1 kwa 3. Mu karata 60 inashuka chini ya mara 1 kwa 4. Ni vile nilikuwa ninangojea Power Bond kama batu benye banangojea kura, mwenzangu anaendelea kunipiga na vimonsta vyake vya 1400. Nikatoa zote zenye nilikuwa nimeweka juu ya picha muzuri tu. Iliniuma, kusema kweli, kuko dragon moya nilimupenda sana, lakini aikuwa na kazi pale.

Kitu ingine batu benye banaanza hawaijue: na hii deki usikubali kuanza. Ukishinda sarafu, mwambie mwenzako aanze yeye. Mwenye anaanza hapigi mu zamu ya kwanza, na siku izi ata karata haongezi, wewe wa pili unaongeza, uko na 6. Kisha Cyber Dragon mwenyewe, yule wa 2100, unamutosha bure kutoka mu mukono kama mwenzako iko na monsta na wewe auna. Ni deki yenye inapenda kukuta monsta ya mwenzako mezani tayari.

Sasa tuingie mu ile siku. Ilikuwa mwezi wa munane, ule upepo wa Lubumbashi wenye vumbi nyekundu, tunacheza inje chini ya mwembe na kila karata iko na kajiwe juu yake isiruke. Mbele yangu mudogo moya wa avenue yetu, miaka 13, deki yake ameirithi kwa yaya yake, pochette zimepasuka. Miye nimebakia na 3700, yeye 3500. Mezani kwake kuko Vorse Raider moya ya 1900, imesimama mu attaque, nyuma yake hakuna karata ya mutego ata moya. Mukono mwake karata 2.

Mu mukono yangu: Cyber Dragon 2, Proto-Cyber Dragon 1, na ile karata nilikuwa ninangojea tangu asubui. Nikatosha Cyber Dragon bure. Nikaweka Proto, juu yeye akiwa mezani anahesabiwa ni Cyber Dragon. Ya tatu iko mukononi. Power Bond! Niliipiga mezani mpaka tujiwe tukaruka. Bale benye walikuwa banaangalia bakasogea. Cyber End Dragon, 8000, ninapiga Vorse Raider, 8000 toa 1900 ni 6100, yeye iko na 3500, nilikuwa nimeshaanza kukusanya karata zangu.

Mudogo akasema pole pole, "Yaya, ngoja kwanza." Akaweka chini Kuriboh.

Kama hauimujue: ni kamupira ka manyoya ya rangi ya udongo, macho makubwa, tumikono twa rangi ya majani mabichi, nguvu 300. Ni monsta yenye mutu anapatia mudogo wake alale nayo. Lakini ukiwa nayo mu mukono, monsta ya mwenzako ikipiga unaitupa, na ile pigo haikutoe ata pointi moya. Vorse Raider akakufa, sawa, mudogo akabakia palepale na 3500. Na Power Bond aiko zawadi: mwisho wa zamu ileile wewe mwenye kuitumia unakula nguvu ya mwanzo ya ile monsta uliita. 4000. Miye nilikuwa na 3700.

Kwa hiyo nilijiua. Yeye hakunigusa. Bakacheka mpaka mama wa nyumba ya pili akatoka kuuliza kuko nini.

Ile usiku umeme haukuwa, nikakaa na bujie nikapanga zile karata tena juu ya kitanda, vilevile zilikuwa. Njo nikaona. Mu Extra Deck, kale kadeki ka pembeni ka monsta za fuzio, nilikuwa na Cyber Twin Dragon muda wote, sikuiangaliaka juu iko na 2800 tu. Lakini Twin inaomba Cyber Dragon 2, haiombe 3. Na inapiga mara mbili. Na Power Bond ni 5600 kila pigo. Pigo ya kwanza ku Vorse Raider ni 3700, pigo ya pili mu meza ya wazi ni 5600, atupe Kuriboh ku ya kwanza ao ku ya pili, kila njia amekufa. Na ata angeponea, deni yangu ya Power Bond ilikuwa 2800, ningebakia na 900 na karata moya mu mukono. Nilikuwa na ushindi mu boksi nikachagua picha ya vichwa tatu.

Nikabadilisha. Typhon d'Espace Mystique 3 za kuvunja mitego mbele ya kupiga, juu mutego kama Force de Miroir ikikukuta 5600 yako inakuwa vumbi. Limiter Removal naipenda kuliko zote: Cyber Dragon wa 2100 anaenda kupiga monsta ya 3000, mwenzako anakuangalia kama mugonjwa, katikati ya pigo unaifungua, nguvu inakuwa mara mbili, 4200. Mashini zako, juu Cyber Dragon ni monsta za aina ya mashini, zinakufa mwisho wa zamu, lakini mwenzako anakufa mbele. Cyber End nimemuacha, moya tu, kwa bale benye banajificha mu défense, monsta imelazwa kwa kukinga, yeye anapasua mpaka ndani.

Juma iliyopita nikamuita yule mudogo tena. Nikafika na Twin, 5600, yeye iko na 5000 na meza yake iko wazi kabisa. Pigo ya kwanza, akatupa Kuriboh. Nikatikisa kichwa, ninamuangalia na huruma, nikasema pigo ya pili.

Akatupa Kuriboh ingine.