Nilivyozibwa magego kwa kompositi, na kwa nini nilihangaikia mate kuliko sindano

Magego yangu mawili ya chini yalikuwa yameoza pale yanapogusana, mahali ambapo mswaki haupiti na kioo hakionyeshi kitu. Wa kwanza kunishtua ulikuwa uzi wa meno: kila nikiupitisha hapo ulitoka umechanika nyuzinyuzi. Kisha maji baridi yakaanza kupiga, kwa ukali, halafu yanaacha. Daktari wa meno aliniuliza zaidi juu ya huko kuacha kuliko juu ya ukali wenyewe. Maumivu yanayokuja na baridi na kuondoka ndani ya sekunde chache mara nyingi yanamaanisha kwamba kiini cha jino, chenye mishipa ya damu na ya fahamu, bado kinaweza kutulia. Yanayobaki yakipwita muda mrefu, au yanayokuamsha usiku, ndiyo yanayoishia kwenye kusafisha mzizi au kung'oa. Picha ya eksirei ilimaliza ubishi. Vivuli viwili vilikuwa vimevuka enameli, gamba gumu la nje la jino, na kuingia kwenye dentini, sehemu laini zaidi iliyo chini yake, ila kiini kilikuwa bado mbali kidogo.

Kuziba, basi. Ikabaki kuamua tuzibe kwa dawa gani: amalgamu, ile ya rangi ya fedha, au kompositi, ile ya rangi ya jino.

Amalgamu ninaifahamu, ninayo moja ya zamani upande wa pili wa kinywa na haijawahi kunisumbua. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, iliyochanganywa na fedha, bati na shaba, na dunia inaiaga polepole: Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulizitaka nchi zipunguze matumizi yake, na Umoja wa Ulaya ukaisimamisha kuanzia Januari 2025 isipokuwa pale daktari anapoona hakuna budi. Sikuikataa kwa kuogopa zebaki. (Ile ya zamani nimeiacha ilipo. Kuchimba kizibo kizima kwa ajili ya rangi tu ni kupoteza jino zuri, tena ni wakati wa kukichimba ndipo mvuke wa zebaki unapotoka zaidi.) Nilichojali ni kiasi cha jino kitakachokatwa. Amalgamu kwa kawaida haishikani na jino lenyewe, inashikiliwa na umbo la tundu, kwa hiyo daktari hulazimika kulichonga tundu liwe jembamba juu na pana chini, hata pale ambapo hapajaoza, ili kizibo kisichomoke. Kompositi inanatishwa kwenye jino lenyewe. Ukishaondoa kilichooza, kwa sehemu kubwa umemaliza kuchimba. Na rangi? Gego la nyuma haliangaliwi na mtu zaidi ya daktari, ingawa sitadanganya, nilifurahi.

Kunata huko lakini kuna sharti, nalo ndilo lililoongoza karibu kila nilichofanya baadaye: jino lisiguswe na mate. Mwaka 1955 Michael Buonocore, daktari wa meno nchini Marekani, alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi ya fosforiki kwa muda mfupi, uso wake unapata vishimo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na resini, aina ya plastiki inayowekwa ikiwa majimaji kisha ikawa ngumu, ikiingia humo inashika. Miaka michache baadaye Rafael Bowen, naye wa Marekani, akatengeneza resini ambayo jamaa zake bado zimo kwenye kompositi nyingi za leo, ikiwa imejazwa chembechembe za kioo au silika ili iwe ngumu na isisinyae sana. Sasa vishimo vile vikiingiwa na mate au damu ya fizi, resini inakosa pa kushika. Kizibo kitakaa, kitang'aa, nawe utaondoka umeridhika. Baadaye ukingo unaachia, bakteria wanapenya, na jino linaoza upya chini ya kizibo, mahali usipopaona.

Kwa hiyo nilipotafuta wa kunitibu sikuuliza kwanza habari za mashine. Niliuliza, "Daktari, gego la chini utalikaushaje?" Mmoja alisema pamba na mrija wa kunyonya mate. Mwingine alisema atatumia kipande cha mpira mwembamba kilichotobolewa, meno yachomoze juu yake na kinywa kingine chote kibaki chini. Pamba si kosa. Kazi ikiwa fupi na mate yakidhibitiwa inatosha. Lakini magego ya chini yamezingirwa, ulimi huku na shavu huku, na chini ya ulimi mate yanatoka kama chemchemi. Huyu wa mpira aliongeza jambo lililonifanya nikae kwenye kiti chake: fizi zikitoka damu zikagoma kukauka, hataweka kompositi siku hiyo, ataweka kizibo cha muda na kuniita tena.

Kauli hiyo ilinipa kazi ya nyumbani. Fizi kati ya magego yale zilikuwa zimevimba, maana chakula kilijikusanya kwenye tundu. Nikawa nasafisha hapo kila usiku, kwa uzi na kwa vile vibrashi vyembamba vya katikati ya meno, kwa upole, hadi damu ikakoma. Mtu anaweza kuona ni ajabu kulishughulikia jino bovu kabla ya kwenda kulitengenezea, lakini fizi tulivu ni nusu ya ukavu. Pia niliahirisha miadi ya kwanza kwa sababu ya mafua. Ukishafunikwa mpira unapumua kwa pua tu, na pua iliyoziba katikati ya kazi ya saa nzima haifai mgonjwa wala daktari.

Siku yenyewe, kabla ya sindano, alichagua rangi. Alishika vipande vya meno ya mfano akavilinganisha na magego yangu yakiwa bado yamelowa mate. Jino lililokauka linageuka jeupe zaidi kwa muda, kwa hiyo rangi ikichaguliwa katikati ya kazi, kizibo kitaonekana cheupe kupita jirani yake siku inayofuata. Tukakubaliana kwamba nikiinua mkono wa kushoto anasimama. Akanipa kipande cha mpira mgumu cha kung'ata upande mwingine ili taya lisichoke. Kiombe kama hukupewa, kinasaidia kuliko unavyodhani.

Sindano ya ganzi na kuchimba sitavielezea sana, vinajulikana. Ganzi ilipokolea sikusikia maumivu, nilisikia mtikisiko na kelele. Kipya kwangu kilikuwa kwamba sehemu ya chini kabisa aliikwangua kwa kijiko kidogo cha mkono, taratibu, kwa sababu dentini iliyooza ni laini na mkono unahisi panapoanza pagumu kabla mashine haijapitiliza kwenda kwenye kiini.

Kisha akazungushia jino utepe mwembamba wa chuma na kuusukumia kabari ndogo pembeni, ili kizibo kipate ukuta na kigusane vizuri na jino la jirani. Asidi ilikaa sekunde chache, kati ya 15 na 30, ikaoshwa kwa maji mengi. Hapo ndipo nilipojua kwa nini nilikuwa nimefundishwa kukaa kimya. Tangu asidi ioshwe hadi tabaka la kwanza ligande, hakuna kuongea, hakuna kusukuma ulimi, hakuna kuinua mkono kwa jambo linaloweza kusubiri. Mpira unakinga, lakini haufungi kama mfuniko. Ukijitupa huku na huku mate yanapata njia. Nilihesabu pumzi zangu za puani na kuangalia dari.

Kompositi inaingia ikiwa laini na inagandishwa kwa mwanga wa buluu. Aliweka tabaka lisilozidi milimita 2, akaliangazia sekunde 20 hivi, akaweka lingine. Sababu ni mbili: mwanga haupenyi vizuri zaidi ya hapo, na resini inapoganda inasinyaa, mara nyingi asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake. Ukijaza tundu zima kwa mkupuo, kusinyaa huko kunaweza kuvuta kuta za jino au kuubandua ukingo. Zipo kompositi za kisasa zinazoruhusu tabaka nene zaidi, lakini kwa matundu yangu alichagua njia ndefu, nami sikuwa na haraka. Usiutazame mwanga ule. Kuna miwani au ngao ya rangi ya machungwa kwa kazi hiyo.

Mpira ukaondolewa, ikaja karatasi ya rangi ya kupima mng'ato. Unang'ata, karatasi inaacha alama pale panapogusana kwanza, daktari anasaga. Tatizo ni kwamba taya likiwa na ganzi, na umelala chali, hung'ati kama unavyong'ata ukiwa mezani. Nilisema pako sawa, na kwa kadiri nilivyohisi pako sawa kweli. Ganzi ilipoisha nikagundua gego moja linafika kabla ya wenzake. Ilikuwa tofauti ndogo mno, lakini ulimi na taya vinaijua hata unene wa unywele. Kesho yake kutafuna kulileta maumivu ya mara moja, makali, upande ule ule.

Watu wengi husema jino litazoea. Mimi nilipiga simu. Kizibo kilichozidi kimo kinapokea mgongano kila unapofunga kinywa, kiini ambacho tayari kimechokozwa kinazidi kukasirika, na kizibo chenyewe ukikiacha hivyo kinaweza hata kupasuka. Kurekebisha kulichukua dakika chache bila ganzi. Safari hii nilikaa wima, nikang'ata kwa kawaida, kisha nikasugua taya kushoto na kulia kwa sababu alama nyingine hutokea pale tu unaposugua. Siku zilizofuata maumivu ya kutafuna yakaisha. Mshtuko wa baridi ulibaki kwa wiki kadhaa, ukipungua, na hilo daktari alikuwa ameniambia nilitegemee. Ungeongezeka au ungeanza kukaa muda mrefu, ningerudi.

Kipimo kingine nilikifanya mwenyewe kwa uzi wa meno. Sasa unapita kwa kubana, unatoa mlio mdogo, na unatoka mzima. Ungepita ovyo ovyo, ningejua meno hayagusani na chakula kitakwama hapo. Ungechanika, ningejua kuna ukingo unaokwaruza, unaotaka kusuguliwa.

Kula sikuzuiwa kwa sababu ya kizibo, kompositi ikishaangaziwa unaweza kuitafunia siku hiyo hiyo. Nilisubiri ganzi iishe tu nisijing'ate shavu. Baada ya hapo kinachoogopwa ni ukingo, pale kizibo kinapokutana na jino. Kompositi haiozi, enameli iliyo kando yake inaoza kama kawaida, bakteria wakipata sukari mara kwa mara na kutoa asidi. Nimepunguza kula vitu vitamu kidogo kidogo mchana kutwa, napiga mswaki kwa dawa yenye floridi na kutema bila kusukutua kwa maji, na uzi umekuwa wa kila usiku. Vizibo vya namna hii kwenye magego hufikisha miaka 10 na zaidi kwa wengi, hasa vikiwa vidogo. Na kimoja kikivunjika kipembe, mara nyingi kinawezekana kuongezewa pale pale bila kuchimbua chote.

Picha ile ya eksirei ilikuwa na doa la tatu, hafifu, kwenye jino la juu. Lilikuwa bado ndani ya enameli, uso haujatoboka. Niliuliza kama tulizibe na hilo tukiwa hapo hapo. Daktari alikataa: alipaka floridi ya kukolea, akaandika ukubwa wake kwenye kadi yangu, na kusema picha ijayo ndiyo itakayosema kama limesimama au linatembea. Halijachimbwa mpaka leo.