Mchezo wa Kupika Ambao Sufuria Yake ni ya Kweli

Kwa muda sasa nimekuwa nikisanifu mchezo wa uhalisia mseto, yaani unaochanganya vitu halisi na picha za kompyuta, unaokusudiwa kuwafundisha kupika watoto wa miaka 8 hadi 12, na kadiri kazi inavyosonga mbele ndivyo ninavyozidi kushikilia msimamo mmoja: kompyuta ionyeshe yale ambayo jicho haliwezi kuyaona, na mengine yote yaachiwe mikono, pua na ulimi wa mtoto mwenyewe. Msimamo huo umeamua karibu kila kitu, tangu kifaa tunachotumia hadi chakula tulichoanza nacho.

Mwaka 1994 watafiti Paul Milgram na Fumio Kishino waliueleza uhalisia mseto kuwa ni eneo lote lililo kati ya ncha mbili, upande mmoja ukiwa ni ulimwengu halisi tunaouishi na upande wa pili ulimwengu uliotengenezwa wote na kompyuta. Michezo mingi ya kupika iliyomo kwenye simu za watoto imekaa kwenye ncha ile ya pili: mtoto anapitisha kidole kwenye kioo, kitunguu kinakatika vipande vilivyo sawa, na nyota zinamwagika. Anaweza kucheza hivyo mwaka mzima asijue kwamba kitunguu huliza macho wala kwamba sufuria yenye maji ni nzito. Mchezo wangu umesogea karibu na ncha ya kwanza. Sufuria ni ya kweli, maji ni ya kweli, na chakula kinaliwa na watu wa nyumbani.

Tulianza na matoke, nami naona yanafaa kuliko chakula kingine chochote. Ndizi humenywa zikiwa mbichi, mikono ikiwa imepakwa mafuta kidogo ili utomvu usigande, kisha hufungwa katika majani ya mgomba yaliyolainishwa motoni, na furushi hilo huwekwa juu ya mabua yaliyopangwa chini ya sufuria ili lisiguse maji, kwa kuwa kinachopika ni mvuke. Baada ya hapo hakuna anayeona kinachoendelea ndani. Mpishi mzoefu anajua kwa sababu amekwisha kufungua mafurushi mengi maishani mwake. Mtoto hajui, hivyo hutaka kufunua kila mara, na kila anapofunua mvuke hutoroka. Hapo picha ya kompyuta ina kazi ya haki kabisa. Juu ya sufuria iliyofunikwa mtoto anaonyeshwa mchoro wa furushi lililopasuliwa katikati, anaona joto likipenya kutoka nje kwenda ndani, ndizi nyeupe zikigeuka za njano polepole, na maji ya chini yakipungua hadi yahitaji kuongezwa. Mchoro huo hauonyeshi ndizi zake hasa, maana kamera haipenyi majani. Ni makadirio yanayotokana na wingi wa ndizi, kiasi cha maji na muda uliopita tangu yachemke, na mchezo unamwambia hivyo waziwazi. Nimelisisitiza jambo hili kwa wenzangu wanaoandika programu, kwa sababu mtoto akishaamini kwamba kioo kinaona ndani ya sufuria, ataacha kuichunguza sufuria yenyewe.

Kuhusu kifaa, wengi huniuliza kwa nini situmii miwani mikubwa ya kuvaa usoni. Ni kweli kwamba vifaa hivyo vimeendelea sana. Meta Quest 3, iliyotoka mwaka 2023, humwonyesha mvaaji chumba chake kwa rangi kupitia kamera na kuweka humo vitu visivyokuwepo. Lakini anachokiona mvaaji ni kile kinacholetwa na kamera, si kile kilicho mbele ya macho yake, na betri ikizima ghafla mtoto mwenye kisu mkononi anabaki gizani. Tena upeo wa kuona hupungua pembeni, na pembeni ndiko anakopita mdogo wake anayetambaa. Kampuni ya Meta yenyewe imeweka miaka 10 kuwa umri wa chini wa kukitumia, kwa hiyo watoto wa miaka 8 na 9 wangeachwa nje. Sijataja bei, ambayo peke yake ingetosha kuufanya mchezo uwe wa nyumba chache sana hapa Jinja, Uganda. Sisi tunatumia tableti ya kawaida iliyosimamishwa kwenye kishikio cha mbao, kamera ikitazama meza. Mikono ya mtoto iko huru, na akiinua macho anaiona meza ileile bila nyongeza yoyote.

Ili tableti itambue kilichopo mezani, tunatumia kadi zenye alama nyeusi za mraba, mbinu iliyoenea tangu mtafiti Hirokazu Kato alipobuni programu ya ARToolKit mwaka 1999. Kamera huikuta alama, hukokotoa umbali na mwelekeo wake, kisha picha hukaa mahali panapostahili. Mbinu hiyo ni ya zamani, lakini jiko lenye moshi na mwanga hafifu huzishinda mbinu mpya zinazojaribu kukitambua kiazi kwa umbo lake tu. Kadi moja iko chini ya ubao wa kukatia na nyingine kwenye kikombe cha kupimia, nazo tumezifunika kwa plastiki kwa sababu ya mafuta. Vipimo vyote ni vya kikombe na konzi. Nyumba ninazozifahamu hazina mizani jikoni, na mtoto anayefundishwa posho, yaani ugali, kwa gramu hatapika posho siku tableti isipokuwepo. Anayefundishwa kuanza na vikombe viwili vya maji kwa kikombe kimoja cha unga, kisha kuongeza unga kwa kuusikiliza mwiko unavyokuwa mzito, atapika.

Maharagwe yalitupa kazi ngumu zaidi, nayo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili iitwayo fitohemaglutinini, ambayo huharibika yakilowekwa kwa saa 5 au zaidi, maji hayo yakamwagwa, kisha yakachemshwa kwa nguvu kwa dakika 10 angalau kabla ya kuachwa yaive taratibu. Moto hafifu usiofikisha maji kuchemka hauiondoi sumu hiyo. Basi mchezo huwapaka maharagwe rangi ya zambarau kwenye kioo, na rangi hiyo haianzi kufifia mpaka mtoto aseme kwamba mapovu makubwa yanapanda, si yale madogo ya pembeni. Hapo ilitubidi pia kufikiria mwinuko wa nchi. Hapa Jinja, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi. Katika milima ya Kabale, karibu mita 2,000, huchemka kwenye 93 hivi, na maharagwe hukawia zaidi kuiva. Mchezo unaotaja dakika zilezile za kuiva kwa nchi nzima ungekuwa unawadanganya watoto wa Kigezi, eneo hilo la Kabale, kwa hiyo unauliza mahali kabla ya kuanza.

Moto una kanuni zake, nazo hazina mjadala. Jiko la makaa, sigiri, huwashwa na mtu mzima, na mchezo hausongi mbele mpaka mtu huyo aweke kadi yake mezani. Kwa kuwa kamera ya kawaida haioni joto, mchezo hautamki kamwe kwamba sufuria imepoa. Na kwa kuwa makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo imewaua watu waliolala na sigiri katika chumba kilichofungwa, hatua ya kwanza kabisa ya mchezo ni mtoto kuonyeshwa gesi hiyo ikijaa katika chumba kilichochorwa kwenye kioo, mlango ukiwa umefungwa, kisha ikitoka mlango unapofunguliwa. Kama ningeruhusiwa kubakiza hatua moja tu ya mchezo mzima, ningebakiza hiyo.

Kwa upande wa harufu kompyuta haina la kusema, na nimeona ni vyema ikae kimya. Tuliujaribu mchezo Walukuba, mtaa wa hapa Jinja ambako watoto wa makabila mengi hucheza pamoja kwa Kiswahili, na binti mmoja, tableti ikiwa mbele yake, alimgeukia bibi yake akauliza, "Jaja, yameiva?" Bibi akamjibu, "Nusa kwanza, mjukuu wangu, halafu uniambie wewe." Sasa mchezo nao hufanya hivyo. Mchoro wa furushi unapokaribia mwisho kioo hufifia, na sauti humwomba mtoto anuse, abonyeze furushi kwa kitambaa, kisha atoe hukumu yake. Mkubwa aliyepo ndiye anayethibitisha.

Mtoto hatumhesabii kasi yake wala hatumpi alama kwa wepesi; mtoto anayeshindana na saa akiwa na kisu ni hatari kwake mwenyewe. Kinachohesabiwa ni msaada aliouhitaji. Mara ya kwanza anaonyeshwa kila mstari wa kukatia; kadiri anavyorudi, mistari hupungua, mchoro wa ndani huja pale tu anapouomba, na chakula huhesabiwa kuwa amekimudu siku anapokipika tableti ikiwa imezimwa.

Kinachofuata ni mchuzi wa karanga, ambao huungua chini mara mtu anapoacha kukoroga. Tumekubaliana kwamba kamera itafuatilia mwiko na kuonyesha sehemu za sufuria ambazo haujazipitia, ila bado tunabishana kuhusu mvuke unaoufunika mwiko na kuifanya kamera iupoteze. Mwenzangu mmoja anataka alama ndogo ichorwe juu kabisa ya mpini, mahali ambapo mvuke haufiki kwa wingi, nasi tutaanza na mwiko mrefu zaidi wa mama yake.