Biriani Isiyo na Kitunguu

Leo ni siku ya pili ya Idi. Watoto wamekwenda kwenye pembea Makadara, hapa Mombasa, nyumba imetulia, na mimi nataka niandike haya kabla hayajanipotea.

Tangu nipate akili, Ba amekuwa akija kwetu kila Idi. Si jamaa yetu wa damu. Ni Mgujarati, Mhindi wa dini ya Kijaini, na duka la marehemu mumewe katika Barabara ya Biashara ndilo mamangu alilonunua leso zake tangu hajaolewa. "Ba" kwa lugha yao ni mama, na mtaa mzima tunamwita hivyo, wakubwa kwa wadogo. Huja saa sita, hukaa kwenye kiti kile kile cha karibu na dirisha, huwapa watoto mkono wa Idi, kisha huletewa sahani ya vitu vitamu: kaimati, visheti, tende, kipande cha mkate wa sinia. Sisi tunazunguka sinia la biriani. Tulijua Ba hali nyama, na kwa kuwa tulijua hilo, tukaona tumejua yote.

Mwaka jana ilikuwa Idi ya kwanza bila mamangu, na mimi ndiye niliyebaki kuwa mwenye nyumba. Ba alipoaga nikamsindikiza mpaka chini. Pale nje akafungua mkoba wake, akatoa kitambaa cha mkono kilichokunjwa vizuri, akampa mlinzi wa jengo la pili. Yule mlinzi akapokea kama mtu aliyekuwa akisubiri. Ndani kulikuwa na mkate wangu wa sinia. Nikamtazama mkaza mwanawe aliyekuja kumchukua, naye akaniambia kwa sauti ya chini, kwa haya, kwamba mkate huo mara nyingi hutiwa ute wa yai, na Ba hali yai. Nikamuuliza, tangu lini? Akasema, tangu azaliwe.

Nilipanda ngazi polepole siku ile. Nyumba ya mamangu haikuwahi kumwachia mtu atoke na njaa, hata mpita njia. Na huyu, aliyekuja kwa mavazi mapya na baraka zake mwaka baada ya mwaka, Idi yake kwetu ilikuwa tende, kaimati mbili na chai.

Nadhani lugha yenyewe ilituchezea. Ukimwambia mtu wa pwani huli nyama, atakwambia basi kula kuku. Ukikataa kuku atakuletea samaki, kwa nia safi kabisa, maana kwetu nyama ni ng'ombe na mbuzi, na samaki ni samaki. Wali usio na kitoweo hatuuiti chakula. Kwa hiyo mtu asiyekula kitoweo tunamhamishia upande wa vitamu, na tukishamjazia sahani tunahisi tumemkirimu.

Basi mwezi wa Shaaban nilikwenda kwake. Nilimwambia wazi: Ba, Idi hii nataka nikupikie, niambie unachokula. Alicheka, akanishika mkono, akataka kukataa. Nikamng'ang'ania. Nyama, samaki, mayai, hayo niliyatarajia. Kisha akaendelea: asali, hapana. Viazi, hapana. Karoti, hapana. Biringani nyumbani kwao hawali. Kitunguu maji, hapana. Kitunguu thomu, hapana. Tangawizi mbichi hapana, ila ya kukaushwa sawa. Nilipomuuliza sababu hakunipa somo refu. Alinionyesha mndimu uliokuwa kwenye mtungi barazani, akasema, "Nikichuma ndimu, mti unabaki. Nikiking'oa kitunguu, nimekimaliza chote, na vidudu vya mchangani vilivyokishikilia."

Na kuna jambo moja zaidi: Ba hali kitu baada ya jua kuzama. Nilikaa na hilo Ramadhani nzima. Kila adhana ya magharibi, mimi nikinyanyua tende yangu, nilijua ng'ambo ya mitaa miwili mwanamke wa miaka themanini na ushee ameshaosha kikombe chake na kukifunika mpaka asubuhi. Tulikuwa tunapishana mlangoni mwa jua.

Sasa jikoni. Biriani ya Mombasa husimama juu ya kitunguu. Usiku wa Idi tunakata kilo tatu, tunavikaanga mpaka vikakauka na kugeuka rangi ya hudhurungi, tunavivuruga kwa mkono, na hivyo ndivyo vinavyoupa mchuzi uzito wake na rangi yake. Nikitoa nyama, nimetoa kitoweo. Nikitoa kitunguu, nimetoa biriani yenyewe. Ningeweza kumpikia mbaazi za nazi au mchicha, na pengine angefurahi, lakini sikutaka Ba ale chakula cha Jumanne siku ya Idi. Nilitaka ale kile tunachokula sisi.

Mkaza mwanawe ndiye aliyenifungua macho. Badala ya kiazi, ndizi mbichi. Badala ya kitunguu cha kukaanga, kabeji iliyokatwa nyembamba kama uzi na kukaangwa mpaka ikapiga kahawia. Na badala ya thomu, mvuje.

Mvuje! Kwetu mvuje ni wa watoto wachanga. Hufungwa kwenye kitambaa cheusi, mtoto akavishwa mkononi ili asiingiliwe na vitu vibaya, na bibi zetu huuchanganya na maji kidogo mtoto akiumwa tumbo. Harufu yake ndiyo harufu ya chumba cha mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua. Ni utomvu wa mmea unaoota huko Iran na Afghanistan, umekuwa ukiingia pwani hii tangu zama za majahazi, na wakati sisi tuliufunga kwenye mikono ya watoto, majirani zetu walikuwa wakiutia kwenye sufuria.

Nilijaribu mara ya kwanza katikati ya Ramadhani, baada ya alasiri. Nilikuwa nimefunga, siwezi kuonja. Napika kwa pua na macho. Nikatia kipande kikubwa kama karafuu, wa dukani, ule mgumu wa asili. Samli ilikuwa imechemka sana. Kwa dakika moja nyumba nzima ikajaa, ikatoka mpaka kichochoroni, na jirani yangu akachungulia dirishani akauliza, "Kuna mzazi humo?" Mchuzi ule ulikuwa mchungu, hakuna aliyemaliza.

Mara ya pili nilitia kiasi cha kichwa cha kijiti cha kiberiti, samli ikiwa ya moto lakini haitoi moshi, nikahesabu mpaka tano, nikamwaga nyanya. Hapo ndipo nilipoelewa. Ule ukali unakufa, na kinachobaki ni harufu inayokaribia sana ile ya kitunguu kilichoiva taratibu. Nilisimama na mwiko mkononi, nimefunga, mate yananitoka.

Vyombo vilinipa mawazo kuliko chakula. Sufuria zangu zote zimeivisha nyama miaka ishirini. Kinu cha mamangu ni cha mbao, kimenyweshwa thomu mpaka moyoni, hata ukikiosha kwa majivu na ndimu kitakwambia ukweli wake. Ba hakuniuliza habari ya vyombo, na najua asingeuliza kamwe. Kwa sababu hiyo hiyo nikaenda Marikiti nikanunua sufuria mpya, mwiko mpya na kisu. Korosho za kuukaza mchuzi nikazisaga kwenye blenda ya shemeji yangu, ambayo ilikuwa bado kwenye boksi lake.

Mwezi ulipoandama na habari zikatangazwa, wenzangu wakaanza kukata vitunguu barazani. Niliwaomba wabaki hukohuko mpaka nimalize. Chakula cha Ba kilitangulia, kabla nyama ya mbuzi haijatolewa friji. Ndizi nilizikaanga zikashika ganda la dhahabu. Boga nililikata vipande vikubwa lisije likapondeka, pamoja na pilipili hoho. Kisha kabeji: inataka subira, maana ina maji mengi, na kwa muda mrefu inalala tu kwenye mafuta kama haitaki, halafu ghafla inaanza kukakamaa pembeni, na usipoiopoa papo hapo imeungua. Maziwa lala, nyanya, tangawizi ya unga, iliki, mdalasini, bizari ya pilau, majani ya giligilani. Juu, wali wa zafarani na marashi ya waridi. Kachumbari nikaikata ya matango na embe bichi.

Alfajiri ya Idi ni sunna kula kidogo kabla ya swala. Nilikula tende zangu, kisha nikafunua sufuria. Baada ya mwezi mzima, kijiko cha mchuzi wa Ba ndicho chakula cha kwanza cha kupikwa nilichokula kwa mwanga wa asubuhi. Chumvi ilikuwa imepungua kidogo, nikaongeza.

Alikuja saa sita kama kawaida. Nilimwamkia, akaniitikia, akaenda kwenye kiti chake. Nikamwambia, "Leo si hapo, Ba. Njoo mezani." Nilikuwa nimetandika sahani mbili, maana sikutaka ale peke yake tukimtazama kutoka kwenye sinia letu. Nilikaa nikala alichokula yeye.

Alifunua sufuria mwenyewe. Akanusa. Akakata kipande kwa ncha ya vidole, akakiona ndani ni cheupe, akakirudisha sahanini taratibu. "Kiazi?"

"Ndizi, Ba. Na kilichokaangwa ni kabeji. Sufuria ni mpya."

Hakusema neno. Alikula kwa utulivu, akafika mwisho wa sahani, akainyanyua kidogo kuelekea kwangu. Nikampakulia tena.

Kisha akanizungumzia mamangu. "Usimlaumu mamako," akasema, nami sikuwa nimetamka lolote. "Mwaka wa kwanza kuja hapa aliniuliza nitakula nini. Nilikuwa mgeni, nikaona haya, nikamwambia nimekula nyumbani. Yeye akaniamini. Mwaka uliofuata ningesemaje?" Akafuta mdomo kwa kile kitambaa chake, akakikunja, akakirudisha mkobani.

Alipokuwa anaondoka nikamuuliza kuhusu Idi Kubwa. Imebaki miezi miwili na siku kumi hivi, na nilishaanza kufikiri nimpikie nini. Aliniangalia kwa upole akasema hiyo siku hawezi kuja, siku za kuchinja hapiti hata mtaani kwetu, na ndiyo maana tangu zamani ilikuwa ni Idi hii tu. Sikuwahi kuligundua. Maisha yangu yote sikuwahi kuhesabu kwamba kiti cha dirishani kilikuwa kitupu Idi moja katika kila mbili.

"Mnachinja siku ngapi?" akauliza.

Nikamwambia nne: siku ya Idi yenyewe na tatu zinazofuata.

"Basi ya tano," akasema.

Jana usiku nimeiosha ile sufuria, nimeikausha, nimeifunga kwenye leso na kuiweka juu ya kabati. Ndizi za siku ya tano nitazitafuta mapema, zile ngumu zisizoanza kugeuka rangi.